Ubishi wa Injini ya Liemba



Kamati ya jarida hili iliponitaka niandike neno juu ya historia ya sehemu zetu, sikuhangaika kutafuta somo. Lipo jambo moja ambalo hatujapata kukutana bila kulibishania, tangu enzi za bwenini mpaka hafla ya mwaka jana ambapo watu wazima wenye mvi walinyanyuka vitini mwao kwa ajili yake. Jambo hilo ni injini ya meli ya Liemba. Ilitoka wapi? Nani aliitengeneza? Na je, ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikituvusha tulipokuwa wadogo?

Habari za mipango ya serikali ya kuikarabati meli hiyo, ambayo ilisimama kwa miaka kadhaa, zimeuamsha ubishi upya. Nimesikia pia kwamba chama cha historia cha wanafunzi kinakusudia kuandika maelezo ya kubandika ukutani. Kwa hiyo yafaa tuyapime madai kabla hayajapigwa rangi ubaoni, maana yakishaandikwa shuleni, mtoto huyachukua kuwa kweli mpaka uzee wake.

Madai yenyewe ni manne. La kwanza lasema kwamba injini ilitoka Ujerumani pamoja na meli. La pili lasema kwamba ilichomolewa kwenye manowari ya Königsberg iliyozama Rufiji. La tatu lasema kwamba Waingereza, walipoiinua meli kutoka majini, walikuta injini imeoza wakaleta yao mpya kutoka Uingereza. La nne, ambalo ndilo lenye wafuasi wengi zaidi, lasema kwamba injini ya Mjerumani ingali inanguruma humo mpaka leo, na kwamba "chuma cha Mjerumani hakifi".

Meli kabla ya maji

Tuanze mwanzo. Liemba ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha meli cha Meyer, mjini Papenburg, kaskazini ya Ujerumani. Ilipewa jina la Graf von Götzen, yaani Kaunti Gustav Adolf von Götzen, ambaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu 1901 hadi 1906. Kijana yeyote aliyesoma habari za Maji Maji anajua ni gavana wa namna gani, kwa kuwa vita vile vilianza mwaka 1905 yeye akiwa madarakani.

Meli ya urefu wa karibu mita 70 haiwezi kupandishwa milimani kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo iliundwa kule, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha yanayotajwa kufikia 5,000, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo ilifuata Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma Februari 1914. Pamoja nayo walikuja mafundi watatu wa kiwanda cha Meyer: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wao, pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi Waafrika, waliiunga upya ufukweni Kigoma, ribiti kwa ribiti. Vita Kuu ya kwanza ilizuka Agosti 1914 kazi ikiwa haijakwisha. Meli iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Ndani yake mlikuwa na boila na injini mbili za mvuke, kila injini na propela yake. Zilikuwa injini za aina ambayo mvuke hufanya kazi mara tatu. Kwa faida ya vijana wanaosoma fizikia nitaeleza kidogo. Mvuke utokao katika boila una nguvu kubwa sana. Huingia kwanza katika silinda ndogo na kusukuma pistoni. Ukitoka humo nguvu yake imepungua lakini haijakwisha, hivyo hupelekwa katika silinda ya pili iliyo kubwa kidogo, kisha katika ya tatu iliyo kubwa kupita zote. Mvuke unapozidi kutanuka na kudhoofika, hupewa pistoni pana zaidi ya kusukuma, na hivyo moto ule ule hutoa kazi nyingi zaidi. Mashine ya namna hii ni nzito, huenda polepole, na sehemu zake nyingi zaonekana kwa macho. Fundi mwenye spana, nyundo na subira aweza kuielewa. Shikeni neno hilo, maana ndilo linaloeleza yote yaliyofuata.

Dai la Königsberg

Hili dai la pili lina chembe ya kweli ndani yake, na ndiyo sababu halifi. Manowari Königsberg ilizamishwa na wenyewe katika mdomo wa Rufiji mwezi Julai 1915, baada ya kupigwa na Waingereza. Wajerumani waliokoa mizinga yake kumi ya milimita 105 wakaitawanya nchini kupigania nchi kavu, na mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa juu ya Götzen. Basi ni kweli kwamba kitu cha Königsberg kilipanda meli yetu, lakini kilikuwa mzinga.

Anayedai kwamba ilikuwa injini na atazame tarehe tu. Götzen iliingia majini Februari 1915, Königsberg ikazama Julai. Injini haiwezi kutoka katika meli ambayo bado inapigana ikaingia katika meli ambayo tayari inaelea. Tena Königsberg ilikuwa na urefu unaozidi mita 110, na mashine zake zilikuwa za manowari ya kukimbia baharini. Kuzitia ndani ya Götzen ni sawa na kutia moyo wa ng'ombe katika kifua cha mbuzi. Mabaki yake yalikaa pale Rufiji miongo mingi baadaye, na walioishi kando ya mto ule waliyaona.

Grisi ya Malagarasi

Sasa nafika mahali ambapo historia hii inakuwa yetu sisi wa Ilagala hasa.

Vita vya ziwani viligeuka upesi. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa meli mpaka Afrika Kusini, kisha kwa reli, kwa kukokotwa msituni na kwa mto mpaka ufuko wa magharibi. Desemba 1915 ziliiteka Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Katikati ya mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zikaanza kudondosha mabomu Kigoma. Mizinga ya kweli ya Götzen ilikwisha kuondolewa kwa ajili ya vita vya bara, na mahali pake ukawekwa mzinga wa mti ili kumdanganya adui. Majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wajerumani wakaamua kuondoka na kuizamisha meli wao wenyewe.

Tarehe 26 Julai 1916 Götzen ilizamishwa karibu na mlango wa mto Malagarasi, kusini mwa Kigoma, katika maji ambayo mgebuka wetu huvuliwa mpaka leo. Kabla ya kufanya hivyo mafundi walifanya jambo moja. Walizipaka injini grisi nene kila mahali, wakaishusha meli taratibu, mahali pasipo na kina kirefu mno. Walitumaini kwamba siku moja wangerudi na kuitwaa.

Hawakurudi. Baada ya vita Wabelgiji, ambao ndio waliokuwa wameshika Kigoma, waliiinua meli na kuivuta mpaka bandarini, lakini mwaka 1920 ikazama tena huko huko Kigoma. Waingereza walipokabidhiwa eneo hili walianza kazi upya, na Machi 1924 meli ikapanda juu ya maji kwa mara nyingine. Tangu grisi ipakwe ilikuwa imepita miaka karibu minane, na sehemu kubwa ya muda huo mashine ilikuwa majini.

Hapa ndipo dai la tatu linapoanguka. Walipofungua chumba cha mashine, boila na injini zilionekana zingali zafaa kutumika. Kilichotakiwa kilikuwa kusafisha, kufungua, kutengeneza na kufunga tena. Kazi ya kuitengeneza meli nzima ilichukua muda mpaka 1927, na huo ndio muda ulioleta dhana ya kwamba lazima injini mpya iliagizwa. Lakini meli iliyolala ziwani ina mengi ya kutengenezwa mbali na injini. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini ikiwa na jina jipya la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini ya ziwa mwaka 1867, wao wakiliita ziwa lenyewe hivyo. Jina la gavana likafutika, jina la ziwa likarudi, na mashine za Papenburg zikaanza maisha yao ya pili.

Maisha hayo ya pili yalikuwa marefu kupita ya kwanza. Chini ya Wajerumani injini zile zilifanya kazi mwaka mmoja na ushei. Baada ya 1927 zilifanya kazi karibu nusu karne, zikipeleka abiria, mahindi, mawese, dagaa na barua kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, na kusimama mbele ya vijiji visivyo na gati ambako mitumbwi hutoka kuipokea. Waliozichochea moto na kuzitia mafuta katika miaka hiyo walikuwa watu wa huku, nao hawakuandikwa katika kitabu chochote. Sisi tunakariri majina ya mafundi watatu waliotoka Papenburg, jambo ambalo ni haki yao. Lakini kama mashine ilifanya kazi mwaka mmoja mikononi mwa mmoja na miaka hamsini mikononi mwa mwingine, sifa zote haziwezi kwenda kwa yule wa mwaka mmoja.

Chuma kilichokufa

Nalifika dai la nne, na najua nitawaudhi wengi.

Kati ya mwaka 1976 na 1979 Liemba ilifanyiwa matengenezo makubwa. Boila na injini za mvuke ziliondolewa, na mahali pake zikawekwa injini mbili za dizeli. Hiyo ilikuwa miaka ya misukosuko, kwa sababu katikati yake, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na meli ikatoka katika shirika la reli la Jumuiya ikawa ya Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa.

Basi ndugu zangu, mngurumo tuliousikia sisi wa rika langu, tulipopanda Liemba katika miaka ya 1980 na 1990, haukuwa wa injini ya Kaiser. Ulikuwa wa dizeli. Injini ya mvuke ya namna ile hainguruma kabisa. Hupumua tu na kugonga taratibu. Waliopata kuisikia ni baba zetu na babu zetu, na wao wakitusimulia tulichukua sauti yao tukaipachika juu ya sauti yetu.

Wako wageni ambao huja mpaka Kigoma kuitafuta meli hii kwa sababu ya sinema ya The African Queen ya mwaka 1951, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya 1935. Nao pia hupenda kuambiwa kwamba mashine ni ile ile. Mimi siwalaumu. Lakini mwanafunzi wa shule yetu akimwambia mgeni jambo lisilo kweli ili kumfurahisha, ameuza historia ya kwao kwa bei ndogo.

Je, meli ni ile ile?

Mwenzangu mmoja wa darasa alinijibu kwa ukali katika hafla: "Sasa wewe bwana, ukiondoa injini, umebakiwa na nini? Si umetuambia Liemba imekwisha kufa?"

Nilimjibu kwa mfano wa mtumbwi wa mbao. Fundi wa Ujiji hutengeneza mtumbwi, mvuvi akautumia miaka mitano, ubao mmoja ukaoza ukabadilishwa. Mwaka wa saba wakabadilishwa mbao mbili. Injini ya nyuma ikauzwa, ikanunuliwa nyingine. Siku zote mvuvi yule anauita mtumbwi wake kwa jina lile lile, na mwanawe ataurithi kwa jina hilo, wala hakuna hakimu wa Kigoma atakayesema si wake. Mwili wa Liemba ndio ule uliopigiliwa ribiti ufukweni mwa Kigoma mwaka 1914 na 1915. Mwili huo ndio uliolala Malagarasi. Ndio uliotumiwa mwaka 1997 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi kuwarudisha makwao wakimbizi zaidi ya 75,000 wa Kongo, na ndio uliotumwa Kagunga mwaka 2015 kuwachukua maelfu ya Warundi waliokwama ufukweni pale. Hao waliovushwa hawakuuliza injini ilitoka nchi gani.

Kwa hiyo jibu langu kwa ubishi mzima ni hili. Dai la kwanza ni kweli: injini ya asili ilitoka Papenburg pamoja na meli. La pili limechanganya mzinga na injini. La tatu limechanganya kutengeneza na kununua. La nne lilikuwa kweli mpaka miaka ya 1970, na tangu hapo si kweli tena.

Faida ya ubishi huu

Mtu aweza kuuliza, mtumishi wa serikali ana kazi gani na vyuma vya zamani? Nina sababu.

Katika utumishi wangu nimepita vituo kadhaa. Katika kimoja nilikuta jenereta nzuri imesimama bandani. Haikuwa na umri wa miaka minne. Ilikuwa imekosa mafuta ya kulainisha na chujio la bei ya chini, mpaka ikajiua yenyewe. Kila mtu pale alikuwa na maelezo, na maelezo yote yalihusu nchi ilikotengenezwa. Huyu alisema, "Hizi za siku hizi ni bandia." Yule alisema, "Tungepata ya Mjerumani ingedumu." Hakuna aliyesema neno juu ya daftari la matengenezo, ambalo lilikuwa tupu tangu ukurasa wa tatu.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Liemba. Imani ya kwamba chuma cha taifa fulani hakifi ni imani ya hatari, kwa sababu humwondolea mtu wajibu. Ikiwa mashine hudumu kwa sababu ya mahali ilipozaliwa, basi anayeitunza hana kazi. Lakini mashine za Papenburg zilipona majini kwa sababu watu waliokuwa wameshindwa vita, adui akiwa karibu kufika, walitumia saa zao za mwisho kuzipaka grisi. Kisha zikadumu nusu karne kwa sababu kila siku, katika joto la chumba cha mashine, kulikuwa na mtu mwenye kopo la mafuta na kitambaa. Hizo grisi mbili, ile ya siku moja na ile ya kila siku, ndizo asili ya sifa za injini ile.

Tena zipo gharama zinazoonekana. Tangu Liemba isimame, mama wa vijiji vya kusini mwenye gunia la dagaa au mgonjwa wa kupelekwa hospitali amekuwa akitegemea maboti ya mbao, ambayo ziwa letu likichafuka kwa upepo wa kusi hayana huruma. Wakati tunabishana kama injini ni ya Mjerumani au Mwingereza, swali lake yeye ni moja tu: itafika lini? Ukarabati wowote utakaofanywa, wa injini za taifa lolote, utamfaa miaka mingi au michache kulingana na daftari la matengenezo.

Kwa hao vijana wa chama cha historia nina ombi. Andikeni ukutani tarehe hizi: 1913, 1915, 1916, 1924, 1927, na miaka ya 1976 hadi 1979. Andikeni Papenburg, na majina ya wale mafundi watatu. Kisha acheni nafasi pana chini yake, mchukue daftari na kalamu, mwende Ilagala, Ujiji na Kigoma bandarini kuwauliza wazee ni nani katika koo zao aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha mashine cha Liemba: mchochea moto, mtia mafuta, fundi, msaidizi wa fundi. Wengine wametangulia mbele ya haki, lakini wana na wajukuu wapo. Muwaamkie kwa adabu, mkae chini, msikilize bila haraka. Majina mtakayoyapata yajazeni katika ile nafasi.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na Mjerumani, wala Mwingereza, wala mtu wa Dar es Salaam. Ni yenu, na wenye kumbukumbu wanazidi kupungua kila mwaka. Mkianza muhula huu, jarida lijalo litakuwa na habari mpya ya kweli, nasi wazee tutapata jambo jingine la kubishania.